Tupeane uzoefu: siku za rufaa zilikupita, ukaombaje muda?

Naanza mimi. Mzee wetu alishindwa kesi ya shamba la Muyeye mbele ya hakimu hapa Malindi. Tulijua siku ni 30, lakini tukadhani zinaanza kuhesabiwa ukishapata nakala ya hukumu. Kumbe zilikuwa zinakwenda tangu hukumu iliposomwa. Kila tukienda masjala tunaambiwa njooni wiki ijayo. Tulipoipata, ilikuwa siku ya 47.

Wakili alimpa mzee karatasi ya daftari akamwambia, "Mzee, niandikie kila siku ulikuwa wapi." Kilichotuokoa ni barua ya kuomba nakala, tuliyoipeleka siku ya tatu. Mzee alikuwa ameikunja mara nne akaitia ndani ya msahafu. Muhuri wa masjala ulikuwa umefifia lakini tarehe ilisomeka. Ikaambatanishwa kwenye hati ya kiapo pamoja na rasimu ya sababu za rufaa, ili jaji aone kuna jambo la kusikizwa. Tulipewa siku 14 tuwasilishe, na gharama za maombi tukalipa sisi. Nililia pale koridoni, sioni haya kusema.

Jambo moja wengi hawaambiwi: kuomba muda hakuzuii hukumu kutekelezwa. Wenzetu walioshinda kesi walikuja na nguzo za ua maombi yetu yakiwa bado mahakamani. Ombeni na amri ya kusimamisha utekelezaji pamoja.

*Bi Langoni, Lamu:* Yangu ni mirathi ya baba, kwa kadhi. Hukumu ilisomwa mimi niko eda, mume wangu hana hata mwezi kaburini. Ndugu zangu walijua siwezi kutoka. Eda ni miezi 4 na siku 10, hapo siku za rufaa zishakwisha kitambo. Nilipotoka nilivuka Mokowe kesho yake kumtafuta wakili. Nikaapa yote, nikaweka cheti cha kifo na barua ya imamu. Mahakama Kuu ilinikubalia. Jaji alisema kuchelewa kwangu kumeelezwa siku kwa siku, na baada ya eda sikukaa.

*Kaka wa Ngomeni:* Ya jinai ni siku 14 tu, jamani. Mdogo wangu alifungwa, sisi tukawa twachangishana pesa za wakili. Tuliomba tukakubaliwa, maana sheria yenyewe yataja kukosa nakala ya hukumu kuwa sababu nzuri.

*Mama Barani:* Mimi nilikataliwa. Miezi minane. Nilisema wakili wangu alinyamaza, na ni kweli alinyamaza. Jaji akauliza, "Wewe mwenyewe ulifanya nini miezi hiyo?" Sikuwa na barua wala risiti, simu tu ambazo hazikupokelewa. Bado inaniuma.

Pole sana, Mama Barani. Ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoweka mwaka 2014 katika kesi ya Salat dhidi ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya: kuongezewa muda si haki yako, ni hiari ya mahakama, na mzigo wa kueleza ni wa anayeomba. Wanapima umechelewa kiasi gani, kwa nini, na kama upande wa pili utaumia. Wakili kukosea husaidia ukionyesha kwamba ulimfuata.

*Mgeni wa Mpeketoni:* Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mimi leo ni siku ya 33, kesi ya madai kwa hakimu, na sijaomba hata nakala. Nimechelewa?

Wa alaykum salaam. Siku tatu zinaelezeka, ndugu yangu, ila usiziache zikawa kumi. Kesho asubuhi peleka barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, igongwe muhuri, ubaki na yako. Kisha kaa uandike tangu siku ya hukumu ulikuwa wapi, usiruke hata moja. Ukimaliza rudi hapa utuambie.