Kuchekea muvi mbovu za visu ni kukosa utu? Tujadili wana Nyanda za Juu

Mleta mada, Mwanjelwa:
Wakuu habari za baridi. Jumamosi tulijazana banda la video huku mtaani, watu na makoti yao, ikawekwa muvi ya kizamani ya Kimarekani, zile za wanafunzi wameenda kambini halafu kuna mtu kavaa kinyago anawapunguza mmoja mmoja na humjui ni nani mpaka mwisho. Jina hatulijui, mwanzo umekatwa, kwenye flashi imeandikwa MUVI KALI 14 basi. Na ni mbovu kwelikweli. Kisu kinapinda, damu rangi ya juisi ya unga, kuna mdada kachomwa tumboni kalala ameshakufa lakini ukikazia macho tumbo linapanda na kushuka, banda zima tukaanza kumhesabia pumzi kwa sauti, moja, mbili, tatu, alifika kumi na moja marehemu wa watu.

Kutoka nje shemeji yangu ananiambia nyie hamna utu, mtu anachinjwa nyie mnacheka. Tumebishana mpaka Kabwe. Mi nasema hatukuchekea kifo, tulichekea uongo wa kifo, na raha yenyewe ilikuwa kubishana muuaji nani. Tuliwekeana chapati kabisa.

Mchangiaji, Vwawa:
Mi nipo na shemeji yako. Huku Mbozi mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliuawa wakachunwa ngozi, hakukuwa na kinyago wala juisi ya unga. Nilikuwa mdogo, jua halijazama mama anafunga mlango na kuegemeza kinu. Siwezi kukaa nacheka hayo mambo, samahani.

Mchangiaji, Tukuyu:
Pole ndugu yangu, ila Nsyuka, ile muvi ya kutisha ya Kibongo ya Mussa Banzi, si tuliikimbilia wenyewe? Na nsyuka ni neno la kwetu la Kinyakyusa, mfu aliyefufuka, mabibi wametutishia nalo utoto mzima, likaja kwenye kaseti tukalipia hela kulitazama. Ukiogopa kitu miaka yote halafu siku moja ukaona kimepakwa unga usoni, lazima ucheke.

Mchangiaji, Iringa:
Kamwene. Mnadharau kinyago bure. Halloween ya 1978, muvi ya muuaji wa kinyago, ilitengenezwa kwa dola kama 325,000, kwa Hollywood hiyo ni hela ya mboga, na kinyago chake ni sura ya mwigizaji William Shatner, walikinunua dukani kwa kama dola 2 wakakipaka nyeupe. Kabla yao walikuwepo Waitaliano, muvi za wauaji wa namna hii wao huziita giallo yaani njano, kwa ajili ya majalada ya njano ya vitabu vya upelelezi vya Mondadori tangu 1929. Mario Bava mwaka 1964 kamleta muuaji asiye na sura, koti na glovu nyeusi tu. Ni akili ya mtu asiye na hela hiyo, ukishamfunika uso hata mbeba taa anaweza kuingia akaua leo na kesho akaingia mwingine, na mtazamaji anabaki kumshuku kila mtu mpaka mpishi. Halafu kwenye muvi zetu za kutafsiriwa tumezoea steringi hafi, huku steringi anaweza kufa dakika ya ishirini ukabaki mdomo wazi.

Mchangiaji, Uyole:
Mnazunguka. Mi nimewahi kuendesha banda, kesi ni watoto. Bodi ya Filamu wanapanga madaraja ya umri, 18 ipo, lakini jero ya mtoto mlangoni nani anairudisha? Watu wazima wacheke wanavyotaka.

Mleta mada:
Uyole hapo umenigusa, mbele yetu walikuwepo madogo wawili na sare za shule na sikusema kitu. Vwawa nimekusoma, na nisingekualika kwenye banda lile. Mdomo ningefunga mwenyewe.

Mchangiaji, Makambako:
Sasa muuaji alikuwa nani? Mnatuweka roho juu.

Mleta mada:
Mlinzi wa kambi. Kaonekana dakika moja tu mwanzoni anafungua geti!! Uonevu mtupu, mi nilishika mwalimu wa kuogelea maana alikuwa anatabasamu vibaya, nimepoteza chapati nne.

Mchangiaji, Iringa:
Mlinzi mwenye kofia ya bluu? Hiyo ninayo, haijatafsiriwa. Pale getini anasema mwanae alizama ziwa lile lile. Muuaji mlipewa mapema kabisa.

Mleta mada:
Mkuu acha utani. Pale mtafsiri wetu alikuwa anasifia gari lao, "wanangu cheki ndinga hiyo", kaongea juu ya maneno yote!

Mchangiaji, Makambako:
Basi chapati umdai mtafsiri.

Mleta mada:
Iringa nitumie hiyo nakala, ndaga fijo. Jumamosi narudi nayo bandani, na shemeji kasema anakuja, eti kuhakikisha tu.