Vijiko vya plastiki kwenye larakaraka! Huyu mtu atatumaliza

Wana jukwaa, mnamjua, simtaji. Yule mwenye kundi la ngoma linalokodiwa kila harusi hapa Kampala. Jana kashika maiki, katangaza "bwola", vijana wakatoka wakicheza larakaraka, ngoma nyingine ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, na kupiga vibuyu kwa VIJIKO VYA PLASTIKI.

Vijiko! Vya kulia keki!

Kibuyu cha larakaraka ni nusu, kimekauka kabisa. Mkono mmoja unakishika, mwingine unashika fungu la spoki za baiskeli. Chuma chembamba kikigonga ganda, mlio unakuwa mkavu na mkali, miguu inafuata huo. Plastiki inapinda, mlio unakufa kama mtu anapiga mto, wa nyuma hawasikii, mstari unakatika. Na ulikatika! Wawili waligongana vichwa mbele ya bibi harusi!

Halafu eti bwola. Bwola ni ya Rwot, yaani chifu wa Waacholi, zamani haikuchezwa bila amri yake. Duara kubwa, kila mwanamume na kingoma chake mkononi, manyoya ya mbuni kichwani. Larakaraka ni tofauti: hapo vijana wa Acholi walichaguana wachumba.

Vijiko, jamani. Vyeupe!

Engalabi_Ndefu: Ssebo, punguza presha. Spoki zenyewe zilikuja na baiskeli. Kabla ya hapo walipiga na nini?

Mleta uzi: Na kitu kigumu! Si cha keki!

Nnyabo_Masaka: Afadhali nyinyi mna vibuyu. Sisi Waganda, ngoma yetu ya bakisimba tunapigiwa kinanda! Ngoma kubwa embuutu hakuna, ya besi empuunyi hakuna. Na ngozi ya mbuzi wanaifunga juu tumboni kama mkanda. Inakaa kwenye nyonga, juu ya shuka, yale manyoya ndiyo yanaonyesha mtikisiko. Ikipanda juu unaona mtu anarukaruka tu.

Binti_Mbale: Mnalilia vibuyu na ngozi? Kadodi, ngoma yetu Wagisu, inapigwa kwenye kampeni na kufungua maduka ya simu! Ile ni ya imbalu, tohara yetu, mwaka wa shufwa, kumzungusha kijana kwa jamaa zake kabla ya kisu.

Engalabi_Ndefu: Lakini kadodi harusini inachangamsha. Hata shemeji mgumu anainuka.

Binti_Mbale: Basi huyo shemeji atahiriwe hapo hapo.

Mleta uzi: Tumeacha VIJIKO??

Boda_Ntinda: Hao wa kadodi wanatoza kwa saa au kwa siku?

Nnyabo_Masaka: Kwa siku, na chakula juu yako.