Wimbo bora wa Michael Jackson ni upi, na kwa nini orodha zetu huishia 1987?

Mleta mada, Umoja

Jumamosi jioni nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, redio ikaweka "Earth Song". Mzee mmoja kwenye benchi akasema wimbo huo hauwezi kuingia hata ishirini bora za Michael Jackson. Kinyozi wetu hukubaliana na kila mteja, lakini hapo alizima mashine. Tukabishana mpaka saa mbili usiku. Mwisho tuligeuza kalenda ya mwaka jana, mmoja akashika kalamu, tukapiga kura na kuandika kumi bora nyuma yake. Tisa zilitoka kati ya 1979 na 1987. Ya kumi ilikuwa "I Want You Back" ya 1969, na hiyo iliwekwa kwa heshima ya yule mzee. Baada ya 1987, hakuna kitu. Mtu aliendelea kutoa albamu hadi 2001, lakini kwa kalenda ile ni kama alinyamaza miaka kumi na minne.

Niliudhika, na hadi leo moyo haujatulia, ndiyo maana naleta mjadala huu.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Albamu ya "Thriller" ilitoka Novemba 1982, na Februari 1984 akabeba Grammy nane kwa usiku mmoja. "Bad" ilitoa nyimbo tano zilizofika namba moja Marekani. Sibishi hata moja. Lakini hizo ni hesabu za Wamarekani, na "Earth Song" haikutolewa kwao kama singo, kwa hivyo wao wakiorodhesha wanauruka. Uingereza, walikouziwa, ulikaa namba moja wiki sita, Krismasi ya 1995 ikiwemo. Sisi tunanakili orodha za watu ambao huo wimbo hawakupewa.

Halafu usikilizeni ulivyojengwa. Unaanza chini kabisa, kinanda na mtu anayeuliza maswali polepole. Kiitikio hakina neno hata moja. Ni kilio. Kisha inaingia kwaya ya Andraé Crouch, yeye anaita na wao wanaitika, na kila akiita anapanda juu zaidi mpaka unadhani koo litapasuka. Kijana anayefagia nywele pale kwa kinyozi Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Kilipofika kiitikio alisimama na ufagio mkononi akaimba chote, bila kukosea, kwa sababu hakuna cha kukosea. Wimbo ambao mtu yeyote duniani anaweza kuuimba bila kufundishwa lugha, nionyesheni mwingine wa aina hiyo kwenye "Thriller".

Na kuna jambo la kutuhusu sisi hapa. Video ya "Earth Song" iliongozwa na Nick Brandt, na sehemu moja ilipigwa Tanzania. Brandt aliipenda Afrika Mashariki kuanzia hapo, akarudi tena na tena kupiga picha za wanyama, na mwaka 2010 akashirikiana na wenzake kuanzisha Big Life Foundation, ambayo askari wake wanalinda tembo maeneo ya Amboseli dhidi ya majangili. Kutoka Nairobi hadi Amboseli ni safari ya asubuhi moja.

Tano bora zangu: "Earth Song", "Billie Jean", "Don't Stop 'Til You Get Enough", "Human Nature", "Remember the Time". Karibuni.

Fundi wa spika, Buruburu

Kaka, umesema vizuri lakini "Billie Jean" namba mbili nimekataa.

Kazi yangu ni kufunga muziki kwenye matatu. Gari likiisha, kabla sijampigia mwenyewe simu aje, naweka "Billie Jean" na nakaa kiti cha nyuma kabisa, pale spika kubwa ziko chini yangu. Ngoma inaanza peke yake. Kama kuna skrubu moja imelegea popote ndani ya gari, hapo itajisema. Kisha besi ya Louis Johnson inaingia, na kama nimekosea waya, besi inavimba inameza ngoma. Ikikaa sawa, unasikia kila kimoja na nafasi yake, kama watu wawili wanaotembea pamoja bila kukanyagana. Nimejaribu nyimbo nyingi za kisasa kwa kazi hiyo. Zimejaa sana, zinaficha makosa yangu.

Hilo halikutokea hivi hivi. Bruce Swedien aliyekuwa akichanganya sauti alifanya matoleo 91, wakarudi wakachagua la pili. Quincy Jones, mtayarishaji wa albamu, alitaka ule mwanzo mrefu ukatwe, Michael akakataa, akasema ndio unaomfanya atake kucheza. Alikuwa sahihi. Mimi najua kwa sababu nimeona abiria wa saa kumi na moja asubuhi, watu wa usingizi, vichwa vikianza kutikisika kabla hajaimba neno.

Na kama tunahesabu ya kwetu: aliyepiga ngoma hiyo ni Leon Chancler, na jina alilojulikana nalo kwenye muziki ni Ndugu. Ni Kiswahili kabisa. Alipiga na Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazz, enzi zile Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, Hancock mwenyewe akajiita Mwandishi. Basi wimbo mkubwa kuliko yote wa Michael, moyo wake unadundwa na mtu anayeitwa Ndugu.

Mzee wa Kaloleni

Wanangu, nyote mmeanza hadithi katikati. Yule mtoto alizaliwa 1958, na alipoimba "I Want You Back" alikuwa na miaka kumi na moja. Nyimbo nne za kwanza za Jackson 5, kundi lake na kaka zake, pale kampuni ya rekodi ya Motown zilifika namba moja zote. Mtoto wa kimo hicho kuimba mapenzi yaliyomponyoka, na wewe mtu mzima ukamwamini! Sauti ile hakuirudia tena, kwa sababu hakuna mtu anayerudia kuwa mtoto.

Lakini nitakaa na ya mwaka 1979, "Don't Stop 'Til You Get Enough". Sikilizeni rekodi ya majaribio aliyoifanya nyumbani 1978, ilitoka baadaye kwenye toleo la 2001 la albamu ya "Off the Wall". Yeye na wadogo zake, Randy na Janet, wanagonga chupa. Chupa! Nilipoisikia nilimkumbuka George Mukabi na magitaa ya Magharibi mwa Kenya tuliyokulia nayo, mmoja anacharaza na mwenzake anagonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Sisemi alitoa kwetu. Nasema mtu mwenye tajiriba yote ile, studio zote mlangoni, alikaa nyumbani na nduguze akatafuta mdundo mahali ambapo baba zetu waliutafuta. Na huo ndio wimbo wa kwanza aliouandika mwenyewe ukafika namba moja Marekani. Hapo ndipo alipotoka kwenye mikono ya wakubwa.

Muuguzi, Lang'ata

Mimi ni "Smooth Criminal" na sitahama. Yule Annie anayeulizwa kama yuko salama ni jina la mwanasesere wa kufundishia huduma ya kwanza. Wanafunzi hufundishwa kumtikisa bega na kumuuliza swali hilo hilo kabla ya kuanza kumkandamiza kifua. Wengi wanadhani ni hadithi ya jambazi tu. Mimi nimepiga magoti mbele ya mwanasesere wa aina hiyo na kuuliza swali hilo kwa sauti, na miaka kadhaa baadaye nikamuuliza binadamu kando ya barabara. Tangu siku hiyo wimbo ule una uzito mwingine kwangu, ile kasi yake ni kasi ya moyo wako wewe unayeokoa.

Wa Eastleigh

Mleta mada umeweka "Remember the Time" mwisho bila kusema kwa nini, ngoja nikusaidie. Malkia wa Misri kwenye video ile ya 1992 ni Iman, yule mwanamitindo. Msomali. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alipomwona hapa hapa mjini. Mama yangu aliisimamisha video kila Iman alipotokea, anatuita watoto wote sebuleni. Na muziki wenyewe, mtayarishaji Teddy Riley alileta ngoma ngumu za vijana wa New York na Michael akaimba laini juu yake kama hariri juu ya mawe. Mtu akisema miaka ya 1990 alikuwa amekwisha, namwambia aanzie hapo.

Mwalimu, Kahawa West

Nashangaa Waswahili wote hawa hakuna aliyetaja "Liberian Girl". Unafunguliwa kwa Kiswahili! Anayezungumza ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, na neno la mwisho kabla muziki haujaingia ni kumwita mtu mpenzi. Nilikuwa kidato cha pili, redio moja bweni zima. Tulipousikia tulinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Amesema mpenzi, ama nimeota?" Hatukuwa tumewahi kusikia lugha yetu ikitoka upande ule.

Sasa kama mwalimu lazima niseme na la pili. Liberia hawazungumzi Kiswahili. Wimbo unamsifu msichana wa Monrovia kwa lugha ya Mombasa, kwa maana waliotengeneza waliona Afrika yote ni mtaa mmoja. Linaniuma kidogo hadi leo, na bado naupenda.

Jambo zito zaidi liko kwenye "Wanna Be Startin' Somethin'". Ule mwisho tunaouimba wote matatuni umetoka kwa Manu Dibango wa Kamerun, "Soul Makossa" ya 1972, na makossa ni muziki wa Waduala. Dibango hakuombwa ruhusa. Alidai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama. Ukiniuliza mimi, sehemu bora ya wimbo ule ni ya Dibango, na kila tukiupanga tulitaje jina lake.

Dada wa South B

Nasoma yote na sina orodha. Tangu ile filamu ya 2019, "Leaving Neverland", ya wanaume wawili wanaosema Michael aliwadhulumu kingono walipokuwa watoto, siwezi kumsikiliza. Najua mahakama ilimwachilia kwa mashtaka yote Juni 2005, na familia yake inakana. Mimi ni mama, moyo umefunga. Naomba tu tusijifanye hakuna wanaohisi hivi.

Mleta mada, Umoja

Dada, nimekusikia, na sitakwambia ufungue redio. Asante kwa kusema.

Mwalimu, la Dibango nakubali kabisa, na naondoa neno lolote nililotaka kusema kuhusu wimbo huo. Fundi, "Billie Jean" sijaushusha kwa dharau. Swali langu kwako ni moja: abiria akishuka Odeon, anabaki na nini? Mdundo, sawa. "Earth Song" mtu anashuka nao akiwa na swali kifuani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mchanganyiko safi wa sauti.

Mzee wa benchi

Mimi ndiye niliyesema ule wimbo hauingii ishirini bora. Kijana, usidhani nachukia miaka ya 1990. Uliondoka kabla sijamaliza.

Ubaya wa "Earth Song" ni kwamba ni mahubiri. Anauliza juu ya tembo, misitu, vita, watoto, kila kitu kwa pumzi moja, na mwenye kuulizwa hajulikani. Mwaka 1996 alipouimba kwenye tuzo za Brit kule London, Jarvis Cocker wa kundi la Pulp alipanda jukwaani kupinga, akisema Michael alikuwa anajiweka mahali pa Yesu. Mimi sipandi jukwaa la mtu, lakini nilimwelewa. Kilio kikiwa cha dunia nzima, mimi sijui nilie upande gani.

Ukitaka wimbo wa miaka hiyo, chukua "Stranger in Moscow". Aliuandika Moscow mwaka 1993, ziarani, katikati ya tuhuma za aina ile ile ambayo dada ameigusa, na video aliiongoza huyo huyo Brandt wako. Wanatembea watu kwenye mvua, polepole, kila mmoja peke yake. Hakuna anayehubiriwa. Mwaka nilipofutwa kazi nilitoka Industrial Area kwa miguu hadi mjini, mvua ya Aprili, viatu vimejaa maji, sitaki kufika nyumbani kueleza. Kwenye duka moja la kanda River Road walikuwa wanaupiga. Nilisimama chini ya kibaraza mpaka ukaisha. Mwenye duka akaniona, akaurudisha mwanzo, hakusema kitu.

Nikusaidie kalamu: huo ndio namba moja yangu, na "I Want You Back" mliyoniwekea kwa heshima, iondoeni. Mwachieni mzee wa Kaloleni aitetee, anaijua kuliko mimi.

Mleta mada, Umoja

Mzee, shikamoo. Hilo la River Road ungelisema Jumamosi tusingebishana hadi usiku.

Sijahama kwenye "Earth Song", lakini "Stranger in Moscow" ilipaswa kuwa kwenye tano zangu na niliiacha kwa sababu nilikuwa nataka ushindi. Naitoa "Human Nature", naiweka hapo. Kalenda bado iko ukutani kwa kinyozi. Nimempigia, amesema hajaifuta na ile ya mwaka juzi pia anayo, upande wa nyuma ni mweupe. Jumamosi saa kumi jioni. Fundi, njoo na spika mbili, ile redio yake haina besi.