Vyombo na bandari: uhusiano wa pande mbili kwenye WordPress unapotea wenyewe, msaada wadau

Mwambao_Kgm
Wakuu habari za muda huu. Niko Kigoma hapa Mwanga, nashughulika na tovuti ya usafiri wa Ziwa Tanganyika. Lengo ni mtu aliyeko Kalya au Karema au Kirando afungue simu aone chombo gani kinafika kwao, maana mpaka leo wengi wanategemea kupiga simu kwa mtu anayemjua mtu kwenye mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Kila chombo kina ukurasa wake, na kila bandari au mwalo una ukurasa wake. Natumia WordPress na plagini ya ACF (Advanced Custom Fields, inayoongeza sehemu za kujaza taarifa kwenye ukurasa). Kwenye chombo kuna sehemu inaitwa bandari_za_chombo na kwenye bandari kuna vyombo_vya_bandari, zote ni aina ya Relationship, yaani orodha ya kuchagua kurasa nyingine.

Sasa nikiweka kwenye boti kwamba linapita Ujiji nataka ukurasa wa Ujiji nao ujijaze wenyewe, na nikiondoa uondoke kote. Nimeandika kodi ya PHP inayosikiliza acf/update_value (inayoitwa sehemu inaposeviwa) pande zote mbili. Mwanzo ilikuwa nikisevu ukurasa unazunguka tu mpaka seva inasema memori imeisha, hilo nimelimaliza kwa kuweka alama kwamba kama kazi inaendelea isianze tena. Ila kuna tatizo la pili linaninyima usingizi, viungo vinapotea. Leo boti lina bandari tano, kesho zimebaki nne na hakuna aliyegusa boti lile. Tuko wawili tunaoingiza taarifa, mimi na dada mmoja yuko Tabora, na yeye anaapa hajafuta kitu na namwamini.

dogo_php
Kaka mbona unajitesa, ACF tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023 ina hicho kitu ndani yake, hata ile ya bure. Nenda kwenye mipangilio ya sehemu yako, upande wa Advanced, washa Bidirectional (yaani pande mbili) afu chagua sehemu ya upande wa pili. Fanya hivyo kote kote. Futa kodi yako yote.

Mwambao_Kgm
Asante mdogo wangu, nimewasha leo asubuhi na kodi yangu nimeizima. Mambo mawili. Kwanza kurasa za zamani hazikujazwa, ni zile tu ninazosevu upya ndo zinaoana. Pili ndo linaloniuma, jioni hii tena boti moja limepoteza Kipili. Kwaiyo kosa halikuwa kwenye kodi yangu?

fundi_isevya
Mkuu salaam kutoka Tabora. Hilo la kwanza ni kawaida, kinachooanisha ni kitendo cha kusevu, na data iliyokuwepo kabla haijapitia kitendo hicho. Hilo la pili ngoja nikueleze vizuri maana nimeona watu wanabadilisha plagini tatu nne na tatizo linabaki palepale.

Swali langu kwako, huyo dada huwa anaacha kurasa zimefunguliwa kwenye brauza? Kwa sababu mimi naona hivi. Saa nne yeye anafungua ukurasa wa bandari ya Kipili kurekebisha maelezo, fomu inapakia orodha ya vyombo kama ilivyo saa nne, tuseme vyombo vitatu. Saa tano wewe uko Kigoma unaongeza Kipili kwenye boti lako na unasevu, kodi inaenda kimya kimya kuandika boti kwenye ukurasa wa Kipili, sasa databesi ina vinne. Saa sita yeye anamaliza kuandika maelezo yake, anabonyeza sevu, na fomu yake inatuma kila kilichomo ndani yake ikiwa ni pamoja na ile orodha ya saa nne yenye vyombo vitatu. Kodi inalinganisha, databesi ina vinne, fomu imeleta vitatu, inahitimisha kwamba mtu ameondoa boti, kwaiyo inaliondoa boti Kipili na kwa kuwa ni ya pande mbili inaenda pia kuiondoa Kipili kwenye boti. Kodi imefanya kazi yake sawasawa kabisa na dada yako hajafuta kitu, wote wako sahihi na data imepotea.

Utasema mbona WordPress ina ile kufuli ya kuzuia watu wawili wasihariri posti moja, yaani ukurasa mmoja. Ipo, ila inalinda posti iliyofunguliwa kwenye skrini tu. Wewe hukuifungua Kipili, kodi yako ndo iliyoingia kwa mlango wa nyuma, na kufuli haiulizi kodi. Na intaneti yetu ya huku ikisinzia mtu anaacha fomu wazi masaa mengi akisubiri mtandao urudi, ndo maana kwako linatokea mara nyingi.

Dawa ni moja, chagua upande mmoja uwe mwenye uhusiano. Kwako mimi ningesema chombo, maana mwenye boti ndo anayejua anapita wapi, bandari haiamui. Upande wa bandari acha orodha iwepo kwenye databesi lakini isiwepo kwenye fomu. Tumia filta ya acf/prepare_field (inayopita kabla sehemu haijachorwa kwenye fomu) kwa sehemu ya vyombo_vya_bandari na irudishe false, hapo sehemu haichorwi, isipochorwa haitumwi, isipotumwa haisevu kitu. Na Bidirectional iache upande wa chombo tu, upande wa bandari zima.

Mwambao_Kgm
Daah. Nimempigia sasa hivi, kweli alikuwa ameacha Kipili wazi tangu mchana akaenda kula. Umeniona kama ulikuwa umekaa nyuma yangu. Ila mkuu, je kuna siku mtu wa bandari atataka kuongeza vyombo vingi kwa mpigo, itabidi afungue boti moja moja?

Binti_Ujiji
Mimi naomba kwenda mbele zaidi ya hapo. Kama bandari haihaririwi, kwa nini unaiandika kabisa? Hiyo ni deni moja limeandikwa kwenye daftari mbili, la muuza migebuka na la mnunuzi, siku zikitofautiana mnaanza kugombana nani mkweli. Weka daftari moja. Kwenye ukurasa wa bandari tafuta tu vyombo vyote ambavyo bandari_za_chombo ina namba ya bandari hii (ile WordPress inayoupa kila ukurasa), kwa WP_Query, utafutaji wa WordPress wenyewe, yenye meta_query na LIKE, yaani kutafuta maandishi ndani ya maandishi. Hakuna cha kuoanisha, hakuna cha kupotea.

Angalizo moja tu, ACF inahifadhi orodha kama mfululizo wa maandishi na kila namba iko ndani ya alama za kunukuu. Kwenye LIKE lazima utafute namba ikiwa na hizo alama zake mbili, yaani "12" na sio 12 tupu, la sivyo ukitafuta bandari namba 12 utaletewa na vyombo vya namba 112 na 1245.

fundi_isevya
Dada Binti yuko sahihi na kwa tovuti ya ukubwa wako mimi ningeanza na njia yake. Naongeza mambo mawili tu. Hizo alama za kunukuu zipo kwa sababu ACF inageuza namba kuwa maandishi kabla ya kuhifadhi. Ukija kuingiza data kwa update_post_meta ya WordPress moja kwa moja bila kupitia ACF na ukaweka namba kama namba, zitahifadhiwa bila alama na huo utafutaji hautaziona kamwe, ukurasa utakuwa mtupu na hakuna kosa litakaloonekana popote. Kwaiyo kuingiza data tumia update_field ya ACF, tena kwa ufunguo wa sehemu ule unaoanza na field_, sio kwa jina, maana posti ambayo haijawahi kusevu sehemu hiyo ACF haijui jina hilo ni la sehemu gani.

La pili, meta_value kwenye jedwali la wp_postmeta (ndimo thamani za sehemu zinamohifadhiwa) haina faharasa, kwaiyo LIKE inasoma safu baada ya safu. Kurasa mia mbili tatu hutahisi. Zikiwa nyingi na wasomaji wengi, weka matokeo kwenye kache, yaani nakala ya muda.

Na kuhusu swali la kuongeza vyombo vingi kwa mpigo, hapo nataka nikuulize kitu kikubwa zaidi. Je utataka kuandika siku ambayo chombo kinapita? Nauli? Upande wa kwenda na wa kurudi?

Mwambao_Kgm
Ndiyo, siku na nauli ndo kitu cha kwanza watu wanauliza. Na tuna ukurasa wa historia pia, meli ya MV Liemba tumeiweka.

fundi_isevya
Basi orodha haitakutosha, iwe ya upande mmoja au miwili. Orodha inaweza kusema "boti hili na Karema vinahusiana" basi, haina pa kuweka Jumatano wala nauli. Hiyo siku ni ya nani, ya boti au ya Karema? Si ya yeyote, ni ya ule uhusiano wenyewe. Kwaiyo uhusiano upe posti yake, tengeneza aina mpya ya posti uiite kituo, ndani yake kuna chombo kimoja, bandari moja, siku, nauli, na namba ya mpangilio. Ukurasa wa chombo unatafuta vituo vyake, wa bandari unatafuta vyake, na kwa kuwa kila kituo kina chombo kimoja tu, unatafuta kwa usawa wa moja kwa moja bila LIKE. Na hapo mtu wa bandari anaongeza vituo vya kwake bila kugusa posti ya boti, nanyi wawili hamgongani tena.

Hata Liemba yako inakuonesha hilo. Ilizinduliwa Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kigoma kwake ni mahali ilipozinduliwa, na pia ni bandari iliyokuwa ikianzia safari kwenda mpaka Mpulungu kule Zambia. Ni mahusiano mawili tofauti kati ya posti zilezile mbili, na kwenye orodha yako yote yangekuwa neno moja tu, Kigoma.

Mwambao_Kgm
Aisee hili la kituo limenikaa kabisa, ndo nitakachofanya. Maswali ya mwisho: nikifuta boti vituo vyake vinakuwaje, na data niliyonayo sasa naihamishaje bila kuingiza upya kwa mkono?

fundi_isevya
Kufuta, usikimbilie kufuta vituo pale boti linapotupwa kwenye kikapu cha taka. Mtu akitupa boti kikapuni anaweza kulirudisha, ukiwa umeshafuta vituo vyake litarudi likiwa halina kitu. Boti likiwa kikapuni kwenye ukurasa wa bandari ruka tu kituo ambacho chombo chake hakijachapishwa. Kufuta kweli fanya kwenye before_delete_post, hiyo inaitwa pale posti inapoondoka moja kwa moja.

Kuhamisha, chukua bakapu ya databesi kwanza. Halafu skripti moja unaiendesha kwa wp eval-file (amri ya WP-CLI, inayoendesha faili la PHP ndani ya WordPress), inapita kila chombo, inasoma bandari_za_chombo kwa mpangilio wake ulivyo, kwa kila moja inatengeneza kituo kama hakipo. Hilo "kama hakipo" ni muhimu, skripti ikikatika katikati umeme ukizima unaianza tena bila kupata vituo viwili viwili. Na usisome upande wa chombo peke yake. Soma na vyombo_vya_bandari, palipo na kiungo upande mmoja bila mwingine usiamue kwa kodi, chapisha orodha uipitie na huyo dada, kwa kuwa kodi yako ya zamani na fomu za zamani zimeshakula baadhi ya viungo na mnaojua boti gani linafika wapi ni ninyi.

Binti_Ujiji
Na hiyo orodha ukishaipata peleka Kibirizi kwa wenye maboti wenyewe, asubuhi kabla hawajaondoka.

Mwambao_Kgm
Nimeshachukua bakapu. Skripti nitaianza kwa kuchapisha tofauti tu bila kuandika kitu kwenye databesi, nikiipata orodha naileta hapa muione kabla sijaendelea.