Darubini ya eksirei, fokasi mita 3: mbona keV 7 haionekani?

Fotoni_Moja: Wakuu, nasanifu darubini ndogo ya angani ya eksirei. Vioo ni Wolter aina ya kwanza (jozi za vioo vya mviringo ambavyo eksirei huteleza juu yake hadi kwenye fokasi), vimepakwa dhahabu, fokasi mita 3, kioo cha nje kabisa kina nusu kipenyo cha sm 30. Lengo ni keV 0.5 hadi 7 (keV hupima nishati ya fotoni, yaani chembe ya mwanga), ukali wa picha wa sekunde 10 za tao. Kwa keV 1 eneo la kukusanyia linatosha. Kwa keV 7 linakaribia sifuri, hata nikiongeza vioo kwa nje. Nakosea wapi?

Mkwaruzo: Hesabu iko sawa, umbo ndilo lenye kasoro. Fotoni hugonga mara mbili, parabola kisha haiperbola, na kila mara hupindwa mara mbili ya pembe ya mkwaruzo α, yaani pembe ndogo kati ya fotoni na uso wa kioo. Ndiyo maana r = f × tan(4α), r ikiwa nusu kipenyo cha kioo na f fokasi. Weka r 0.3 na f 3: α ni nyuzi 1.43. Kwa keV 7 dhahabu huakisi vizuri hadi nyuzi 0.6 hivi, zaidi ya hapo fotoni inamezwa. Kwa hiyo vioo vyote vilivyo nje ya sm 12.6 ni mzigo tu kwa nishati hiyo.

Refusha fokasi. Chandra, darubini ya eksirei ya NASA, ina mita 10, kioo chake kikubwa kina kipenyo cha mita 1.2, na α inatoka dakika 51 za tao. Usiporefusha, jaza ndani kwa vioo vyembamba vilivyoingiana. XMM-Newton, darubini ya eksirei ya Ulaya, ina 58 katika kila moduli (fungu la vioo), nikeli ya mm 0.47 hadi 1.07. Ila kioo chembamba hupotoka kirahisi: Chandra kwa vioo 4 vinene hufikia nusu sekunde ya tao, XMM hubaki kwenye 15 hivi.

Nanomita: Usisahau ung'arishaji. Kwa keV 7 na nyuzi 0.6, uso wenye vinundu vya nm 0.5 hutawanya kama 13% ya fotoni kila mgongano, na migongano ni miwili. Ikiwa nm 1 unapoteza zaidi ya 40% kila mgongano. Lenga nm 0.3, hapo ni 5% tu.

Fotoni_Moja: Nikienda mita 6, r inakuwa sm 25. Chombo hakitoshi ndani ya roketi, labda mlingoti wa kukunjua. Utayumba, sivyo?

Mkwaruzo: Utayumba, na si lazima uuzuie. Sekunde 10 kwa mita 6 ni mm 0.29. Fotoni zinarekodiwa moja moja pamoja na saa yake, basi pima myumbo kwa leza kisha sahihisha mahali pa kila fotoni baadaye. NuSTAR, darubini ya eksirei yenye mlingoti wa kukunjua, hufanya hivyo tangu 2012.

Chujio: Mawili ya kitambuzi, kifaa kinachopokea fotoni kwenye fokasi. Protoni za nishati ndogo huteleza kwenye vioo kama eksirei zenyewe. Mwaka 1999 ziliharibu baadhi ya CCD (chipu za kunasa picha) za Chandra. Sasa kitambuzi huondolewa kwenye fokasi chombo kinapopita mikanda ya mionzi. Sumaku zinazofukuza elektroni hazitoshi kwa protoni, weka kifuniko kinachofungika. Pili, mvuke wa gundi na plastiki huganda kwenye chujio baridi kilicho mbele ya kitambuzi na kula eksirei za chini ya keV 1. Oka vifaa kwenye ombwe kabla ya kuunganisha, na chujio kiwe na hita yake.