Fidia ya California: sisi tuliokuja kwa ndege tusimame wapi?

Mleta mada (California)

Ndugu zangu, salaam. Nasoma shahada ya pili ya sera za umma huku California, na mwaka huu nimo kwenye kamati ya wanafunzi inayoandaa mkutano wa sera za umma na usawa wa rangi. Mkutano ni wa wanafunzi wenyewe. Sisi ndio tunaochagua mada na kualika wasemaji, na siku ya mwisho tunapigia kura maazimio ya kuwapelekea wabunge wa jimbo. Azimio moja limetugawa, tena limetugawa sisi Weusi kwa Weusi. Linataka fidia ya utumwa na ubaguzi wa jimbo hili iende kwa wazao wa watu waliofanywa watumwa Marekani, basi. Baba yangu na mama yangu ni watu wa Tanga. Nikinyoosha mkono kusema ndiyo, nimejitoa mwenyewe na wanangu nitakaowazaa huku.

Kwa ambao hawakuifuatilia: mwaka 2020 California ilipitisha sheria, mswada ukiwa wa mbunge wa jimbo Shirley Weber, ikaunda jopo la watu 9 lichunguze suala la fidia. Tarehe 29 Machi 2022 jopo lilipiga kura kuamua nani anastahili. Je, ni kila Mweusi wa California, au ni wazao wa waliofanywa watumwa na wa Weusi huru waliokuwepo Marekani kabla karne ya 19 haijaisha? Ukoo ulishinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Ripoti ya mwisho, kurasa zaidi ya 1,000, ilitoka tarehe 29 Juni 2023. Siku hiyohiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ilivizuia vyuo kuangalia rangi ya mwombaji wakati wa kudahili. Vyuo vya umma vya hapa vilikuwa vimeshafungwa mikono tangu 1996 na Pendekezo la 209, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi kukataza kupendelea mtu kwa rangi yake, na wananchi walipoulizwa mwaka 2020 kama wanataka lifutwe, wengi walikataa. Kwa hiyo ukitunga sera inayosema "Mweusi" utakutana na mahakama mlangoni. Ukisema "mzao wa" pengine utapita, ingawa wanasheria bado wanavutana kama mahakama hazitaona ukoo ni rangi iliyobadilishiwa nguo. Oktoba 2025 gavana alitia saini sheria ya kuunda ofisi ya kushughulikia wazao hao, na siku zilezile akakataa mswada ambao ungeruhusu vyuo kuwapa kipaumbele. Ndiyo maana azimio letu limekuja sasa.

Mimi nitapiga kura ya ndiyo. Nawaeleza kwa nini, halafu mnipinge.

Deni lina mwenyewe. Mwaka 1912 Willa Bruce alinunua kiwanja ufukweni Manhattan Beach akafungua mahali pa mapumziko kwa ajili ya Weusi waliokuwa wakifukuzwa kwenye fukwe nyingine. Mwaka 1924 mji ulianza kukitwaa kwa kisingizio cha kujenga bustani. Kiwanja kilirudishwa 2022, na waliokabidhiwa ni wazao wa Bruce. Hakuna aliyesema apewe Mweusi yeyote aliyekuwa akipita njia, maana kila mtu alimjua aliyeporwa. Mwenzangu mmoja kwenye kamati, bibi yake alivunjiwa nyumba West Oakland miaka ya 1950 ili ipite barabara kuu ya juu. Barabara yenyewe iliporomoka kwenye tetemeko la 1989, watu wakafa, ikajengwa upya mahali pengine. Nyumba ya bibi haikujengwa popote. Nikikaa naye meza moja na kudai fungu sawa na lake, nadai kwa lipi? Mwaka ambao bibi yake alitupiwa vyombo nje, bibi yangu alikuwa Pangani akilima mihogo yake.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma kulisema. Mwaka 2004 Lani Guinier na Henry Louis Gates Jr., walimu wa Harvard, walisema hadharani kwamba wengi wa wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza pale, pengine theluthi mbili, walikuwa wahamiaji kutoka Afrika na Karibiani au watoto wao. Milango ilifunguliwa kwa jasho la watu waliopigwa virungu, tukaingia sisi. Chuo kilihesabu ngozi na kujitangaza kuwa kimelipa. Nami nilijaza kisanduku hichohicho cha "Mweusi" kwenye fomu yangu ya maombi.

Tena watu hawa walitubeba kabla hatujawajua. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Barua ya kuomba michango ya nauli ilitiwa saini na Wamarekani Weusi maarufu, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakati Weusi wa kusini walikuwa hawaruhusiwi kuketi kwenye mgahawa wakanywa kahawa. Wametulipia nauli. Sasa tukagombanie na fidia yao?

Semeni.

Mchangiaji (Michigan)

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na nimeumia. Mimi ni mtu wa Uvira, nimefika huku kupitia kambi ya wakimbizi. Umesema kura ya jopo lenu ilipigwa tarehe 29 Machi 2022. Hesabu siku 6 mbele, tarehe 4 Aprili. Asubuhi hiyo, hapa Grand Rapids, polisi alimsimamisha Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26, mtoto wa Kongo, akisema namba ya gari hailingani na gari lenyewe. Wakakimbizana, wakakamatana, kijana akalazwa kifudifudi, polisi akampiga risasi ya kisogo. Baba yake alisimama mbele ya kamera akilia kwa Kiswahili, mtu akimtafsiria. Kesi ilisikilizwa 2025, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua haitarudiwa. Imeisha hivyo.

Yule polisi hakuuliza kama babu yake Patrick alilima pamba Georgia au alivua samaki Tanganyika. Aliona Mweusi. Nyinyi wasomi mkianza kutupanga kwa ukoo, mnampa nafasi mtu asiyetupenda sote. Leo ni fidia, kesho ni msaada wa nyumba, keshokutwa ni kazi, na kila mara kuna wa kuambiwa "wewe subiri nje". Mtoto wangu amezaliwa hapa. Hana nchi nyingine. Akiwa na miaka 16 ataendesha gari kwenye barabara ileile.

Mchangiaji (Mombasa)

Nimekulia Kisauni, karibu na Frere Town, kijiji walichowekwa watumwa waliookolewa baharini miaka ya 1870. Kengele yao ipo mpaka leo na mtaa tunauita Kengeleni. Nawaambia jambo ambalo pwani hulisemi ukumbini: ukiuliza leo nani ni mzao wa watumwa, mikono hainyanyuki. Aibu waliachiwa walioonewa. Na utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, kisha pwani ya Kenya 1907, fidia ilitolewa, ndiyo, lakini alilipwa bwana kwa kupotelewa na mtumwa wake. Waingereza walikuwa wameshafanya hivyo kwa makoloni yao mengine, pauni milioni 20.

Kwa hiyo sipingi ukoo, bi mkubwa. Nauliza karatasi. Mtu aliyenyimwa jina atathibitishaje ukoo? Azimio lenu likinyamaza hapo, litawapa haki watu halafu liwanyang'anye dirishani kwa karani. Nimeona wazee hapa wakidai mashamba waliyozaliwa juu yake, wakaambiwa leteni hati. Hati anayo aliyewapora.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mimi swali langu fupi. Maazimio ya wanafunzi yanafika wapi? Nimewahi kuyaandika chuoni, tukayapiga chapa vizuri, yakaishia kabatini. Msije mkavunja undugu wenu kwa ajili ya karatasi isiyosomwa na mbunge yeyote.

Mleta mada

Naanza na kaka wa Dar, kwa sababu swali lake nimelala nalo. Mwezi Februari 1960 vijana wanne wa chuo waliketi kwenye kaunta ya mgahawa iliyotengewa wazungu, mjini Greensboro, wakakataa kuondoka. Miezi miwili baadaye, Pasaka, mwanaharakati Ella Baker aliwakusanya wanafunzi waliokuwa wakifanya hivyo miji mbalimbali, pale chuo cha Shaw, Raleigh. Viongozi wakubwa walitaka vijana wawe tawi la vyama vyao. Baker aliwashauri wabaki na lao, na hapo ikazaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki za Weusi bila vurugu. Ulikuwa mkutano wa wanafunzi. Mwishoni mwa 1963, Kenya ikiwa na siku chache tu za uhuru, Oginga Odinga alifika Atlanta na vijana wa SNCC wakamfuata hotelini kuzungumza naye. Walipotoka waliingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakataa kuondoka, wakakamatwa. Wapo waliowaambia nao kwamba wanapoteza muda.

Ndugu wa Michigan, sina jibu litakalokutosha na sitajifanya ninalo. Uliyosema kuhusu Patrick nimeyasoma kwa sauti jana kwenye kikao cha kamati, na chumba kilinyamaza. Lakini naomba unisikie. Risasi ile ni deni jipya, na ni la jiji, la polisi na la sheria inayowalinda. Nyumba ya West Oakland ni deni la zamani, na aliyefanyiwa anajulikana. Tukiyatia mfuko mmoja, serikali italipa lile jepesi, itupige picha mimi na wewe tukitabasamu, kisha iseme imemaliza. Mwanao anastahili kulindwa barabarani kwa sababu ni mtoto wa hapa na ni Mweusi, bila kuulizwa ukoo. Hilo nitalipigania kwa nguvu zilezile. Siwezi kulipigania kwa kuchukua fungu la mwenzangu.

Wewe wa Mombasa umenibadilisha. Sensa ya 1850 na ya 1860 ziliwaandika watumwa chini ya jina la bwana kwa umri, jinsia na rangi, na wao wenyewe karibu wote hawakuandikwa majina. Wengi wanaanza kuonekana kwa majina yao mwaka 1870. Anayefuatilia ukoo wake hugonga ukuta hapo. Tumeandika upya azimio, na sasa lina vifungu vitatu.

Cha kwanza, fidia kwa wazao. Cha pili, kazi ya kutafuta kumbukumbu ibebwe na serikali kwa gharama yake. Mdai akileta simulizi ya familia na jina moja la babu au bibi, anayempinga ndiye athibitishe. Cha tatu, hatua zote dhidi ya ubaguzi wa leo, wa polisi, wa nyumba, wa hospitali, ziwahusu Weusi wote wa California bila kuulizwa asili. Mwenzangu wa West Oakland anaunga mkono viwili vya mwanzo. Cha tatu anahofia kitakuwa mlango wa nyuma wa kulirudisha neno "wote" kwenye fidia, na hofu yake naielewa.

Kura ni Jumamosi saa nne asubuhi. Maneno "simulizi ya familia" yanapingwa na wanafunzi wawili wa sheria, wanasema yatatoboka mahakamani. Mwenye maneno yenye nguvu zaidi kwa kifungu hicho aniletee kabla ya Ijumaa usiku.