Transmita ya FM ya kujitengenezea: transista moja, mbili au IC?

Mtundu88: Wakuu habari. Nataka kuunda transmita ndogo ya FM. Nimeona njia tatu: transista moja, transista mbili, au IC (chipu) yenye PLL, yaani saketi inayoshikilia masafa (MHz) yasihame. Vifaa naagiza kesho. Ipi bora?

Koili_Tano: Bora kwa kazi gani, mkuu? Unarusha sauti ya maiki au muziki wa simu? Umbali gani? Betri au adapta? Bila hayo tutabahatisha tu.

FundiLehemu: Kama ndiyo mara ya kwanza, transista moja. BC547 au 2N3904, betri ya volti 9, koili ya mizunguko 5 au 6, trima (kikapasita cha kurekebisha masafa) ya kama 30 pF, na kile kikapasita cha 5 pF hivi kati ya miguu ya transista, kolekta na emita, ndicho kinachoamsha oskileta, yaani sehemu inayozalisha wimbi. Jioni moja umemaliza na kila kipande unakielewa.

MamaMawimbi: Fundi, hiyo hiyo ndiyo iliyonitesa. Niliipanga kwenye bredibodi (ile bodi ya kuchomeka vifaa bila kulehemu), nikaipata 98 MHz, sauti safi kabisa. Nikiondoa mkono, imepotea. Nikirudisha, inarudi. Nikadhani trima mbovu, nikabadilisha. Nikabadilisha na transista. Siku tatu! Kumbe vile vibati vya ndani ya bredibodi vina kapasitansi yake, yaani vinafanya kazi kama kikapasita, na mkono wangu unaongeza nyingine. Nikahamia bodi ya shaba, miguu ya vifaa nikaikata mifupi, koili nikaidondoshea nta ya mshumaa isitikisike. Ikatulia. Lakini betri ikichoka, masafa yanahama.

Koili_Tano: Ndiyo kazi ya transista ya pili. Inakaa kati ya oskileta na antena, ukigusa waya koili haina habari. Betri ikichoka ni suala jingine, hapo weka regyuleta ya kutuliza volti.

Kipimo: Kwa muziki mimi ni PLL tu. IC ya BH1417 inatumia kristali ya 7.6 MHz kama kipimo chake cha masafa. Ukiiweka 88.1 inabaki 88.1, tena stereo.

FundiLehemu: Na ile miguu yake midogo anayeanza ataichomaje? Aanze na koili.

Mtundu88: Samahani wakuu. Ni muziki wa simu kwenda redio ya chumba cha pili. Antena urefu gani?

Kipimo: Robo ya wimbi kwa 100 MHz ni sentimita 75, lakini kwa chumba cha pili hata 15 zinatosha. Usikaribie 108 MHz, juu yake ndipo yanapoanza masafa ya ndege. Na soma sheria ya nchi yako, nyingi zimeweka kikomo cha nguvu.

Mtundu88: Waya wa mota ya zamani unafaa kwa koili?

MamaMawimbi: Unafaa sana, ila una vanishi. Kwangua ncha kwa wembe mpaka shaba ing'ae, la sivyo risasi haishiki.

FundiLehemu: Wembe unakata waya mwembamba, dada. Tumia msasa.

MamaMawimbi: Msasa kwa waya wa milimita 1, sawa. Mwembamba zaidi ya huo, mimi bado ni wembe.